Santuri Iliyobeba Msahafu



Wasomaji wetu watukufu, kijana mmoja wa hapa mjini ametuletea swali ambalo tumeona si lake peke yake. Amesema kuwa usiku, watu wa nyumbani wakisha kulala, hupenda kukaa faragha akasikiliza kitu kitakachomtuliza moyo na kumfanya ajifikirie. Wenzake hutia nyimbo masikioni. Yeye ameona haya mbele ya Mola wake, akatia kisomo cha Qurani. Lakini sasa ana mashaka mawili. La kwanza, katika visomo vingi vilivyojaa ndani ya simu, kipi kinamfaa mtu anayetaka kutafakari? La pili, ipo siku usingizi humchukua kisomo kikiendelea, na ipo siku huona ladha ya sauti wala asijue kilichosemwa. Je, huyu anapata kheri au anajidanganya?

Tunamshukuru kijana huyu, maana mtu anayeihisabu nafsi yake katika jambo la kheri ni nadra kuliko anayeihisabu katika jambo la shari. Tutamjibu kwa kadiri ya ilimu yetu ndogo, na tutaanza kwa kumtajia kisomo ambacho sisi tumekifanya rafiki wa faragha kwa miaka mingi, tueleze kilivyopatikana na kwa nini tumekipendelea.

Kusikiliza sauti iliyohifadhiwa si jambo geni katika kisiwa hiki. Mwaka 1928 marehemu Siti binti Saad na wenziwe walisafiri mpaka Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri za His Master's Voice, na santuri hizo zikauzwa pwani nzima. Juu ya kuimba wanavyuoni wana maneno yao, wala leo hatukukusudia kuingia humo. Tunalotaka lionekane ni kuwa wazee wetu walikwisha kuijua nguvu ya santuri tangu zamani: kuwa sauti ya mtu aliye mbali, au aliyekwisha kufa, yaweza kuingia chumbani mwako ikakufurahisha au ikakuliza. Ikaja redio. Kituo cha Misri kilipofunguliwa mwaka 1934, aliyekifungua kwa kisomo ni Sheikh Muhammad Rifaat, kipofu mwenye sauti iliyozitikisa nyoyo za watu. Na mwaka 1954 Redio Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, masikio ya watu wa Unguja yakazidi kuielekea Misri.

Hata hivyo, mpaka wakati huo hapakuwa na santuri zilizobeba Qurani nzima, tangu Alhamdu mpaka Qul-audhu. Zilikuwapo sura na aya zilizosomwa na fulani na fulani, basi. Mwaka 1959 ndipo mtu mmoja wa Misri, Labib as-Said, aliyekuwa mkuu wa jumuiya ya kuhifadhi Qurani nchini humo, alipotoa rai kuwa msahafu wote utiwe katika santuri kwa kisomo sahihi. Hoja yake ilikuwa yenye uzito. Aliona mafundi wa ilimu ya qiraa wanapungua, na kila anayeitwa na Mola wake anakwenda na hazina yake. Akakumbusha yaliyotokea katika zama za Sayyidna Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, na Sayyidna Omar akashauri Qurani ikusanywe mahala pamoja isije ikapotea kwa kufa wenyewe. Kule ilikusanywa kwa kalamu. Huku akataka ikusanywe kwa sauti. Maana karatasi huhifadhi harufi, lakini haiwezi kumsikilizisha mtu madda ivutwe kadiri gani, wala ghunna itoke vipi puani.

Kazi ya kusoma akapewa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, ndiyo riwaya tunayoisomesha katika vyuo vyetu vya hapa Unguja. Wanavyuoni waliwekwa wamsikilize neno kwa neno, na palipotokea kasoro, hata iwe ndogo, pakasomwa upya. Tarehe 23 Julai 1961 kazi hiyo ikatolewa kwa watu, nayo ilikuwa santuri 44. Tarehe 25 Machi 1964, Misri ilipofungua redio ya Qurani peke yake, kisomo hicho ndicho kilichotangazwa. Baadaye kikaingia katika kanda, kisha katika visahani, na leo kimo katika simu ya kijana huyu aliyetuuliza. Ambacho zamani kilijaza kabati leo kimo mfukoni, wala hakipimwi uzito.

Sheikh al-Husary alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha Shubra an-Namla, karibu na mji wa Tanta. Aliihifadhi Qurani angali mtoto, akasoma ilimu za qiraa, na mwaka 1944 akaingia katika redio ya Misri. Mwaka 1955 akafanywa msomaji wa Msikiti wa Sayyidna Husein mjini Cairo. Hakuwa mtu wa sauti tu. Alikuwa mwanachuoni aliyeandika vitabu, na kimojapo ni juu ya ilimu ya kuwakifu na kuanza, yaani mahala gani msomaji asimame na mahala gani aendelee ili maana isivunjike. Baada ya Hafs alisoma pia Warsh na riwaya nyingine. Alifariki tarehe 24 Novemba 1980, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa kwa nini tumpendelee huyu katika faragha? Hatuwadharau wengine. Nani asiyempenda Sheikh Abdul Basit Abdus Samad, ambaye pumzi yake ilikuwa ndefu hata msikilizaji akakatikiwa na yake? Nani asiyeguswa na huzuni iliyomo katika sauti ya Sheikh Muhammad Siddiq al-Minshawi? Lakini kisomo ni cha namna mbili. Kipo cha tajwidi ya majlisi, ambacho msomaji hupandisha na kushusha, akairejea aya moja mara tatu au nne kwa namna mbalimbali, na watu wakampokea kwa kumtaja Mwenyezi Mungu kwa sauti. Hiki kina mahala pake, nacho ni tukufu. Lakini nafsi dhaifu huweza kuishughulikia sauti ikaiacha aya. Na kipo cha murattal, ambacho msomaji huenda kwa mwendo mmoja wa utaratibu, kila harufi ikapewa haki yake, na mwisho wa kila aya pakawa na kituo. Sheikh al-Husary katika santuri zile 44 amekwenda mwendo huo. Hakukimbii wala hakuchoshi. Juzuu moja humchukua kiasi cha saa moja, na msahafu mzima kiasi cha saa 30. Yeye hujificha nyuma ya aya, na msikilizaji akabaki na aya yenyewe.

Hapo ndipo penye jawabu la swali la kwanza. Anayetaka kutafakari na atafute kisomo ambacho akimaliza kusikiliza atasema, "Aya ile imenishika," wala si kile ambacho atasema, "Sauti ile imenipendeza." Na lieleweke kuwa Qurani si muziki, wala haifai kuwekwa fungu moja na nyimbo tuzipendazo, tukawa leo hii na kesho ile kwa kadiri ya hamu. Muziki, hata ule wa heshima, hukuchukua ukakupeleka unakotaka wewe. Qurani hukusimamisha ikakuuliza unakwenda wapi.

Ama kuwa kusikiliza kwa mwengine kuna faida yake mbali na kusoma mwenyewe, hilo linatoka kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Yeye ambaye Qurani iliteremshwa kwake alimtaka Abdalla bin Masud amsomee, na alipostaajabu vipi amsomee yeye naye kateremshiwa yeye, Mtume akamjibu kuwa anapenda kuisikia kwa mtu mwengine. Akamsomea Suratun Nisaa mpaka akafika aya ya 41, inayotaja siku ambayo kila umma utaletewa shahidi, na Mtume aletwe kuwa shahidi juu ya hawa. Hapo akamwambia basi, inatosha. Ibn Masud akatazama, macho ya Mtume yanabubujika machozi. Angalieni, ndugu zetu: palipofika maana, pakasimamishwa kisomo. Hawakuendelea ili wamalize sura. Aya moja ilitosha kikao.

Na huo ndio utaratibu tunaomshauri kijana wetu. Asifungulie msahafu wote ukaenda wenyewe mpaka usingizi umchukue. Achague sura moja, fupi, na wakati mmoja. Baada ya Isha, au kabla ya adhana ya Alfajiri mji ukiwa kimya. Awe na udhu akiweza. Simu asiishike mkononi, aiweke mbali, maana ile ile inayomsomea Qurani ndiyo itakayomletea porojo za watu katikati ya aya. Pembeni awe na tafsiri ya marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwana wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1912, akawa Kadhi hapa kwetu, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake "Qurani Takatifu" ilikamilika kuchapwa Nairobi mwaka 1969, na hata leo imo katika nyumba nyingi. Kwanza asome maana ya sura ile kwa Kiswahili. Kisha asikilize mara moja bila ya kufanya kitu. Kisha asikilize mara ya pili, na mahala itakapomshika aya azime, akae na nafsi yake.

Tutoe mfano wa Suratud Dhuha, sura ya 93, yenye aya 11. Iliteremka baada ya wahyi kukatika kwa muda, na makafiri wakasema kuwa Mola wa Muhammad amemwacha. Mwenyezi Mungu akaapa kwa mchana na kwa usiku utulivu kuwa hakumwacha wala hakumchukia. Kisha akamkumbusha mambo matatu: alikuwa yatima akampa makao, alikuwa hajui njia akamwongoa, alikuwa fakiri akamtosheleza. Kisha akamwamrisha mambo matatu: yatima asimwonee, mwombaji asimkaripie, na neema ya Mola wake aisimulie.

Basi hapa Sheikh al-Husary husimama mwishoni mwa kila aya, na kile kituo chake ni mlango wa kuingilia. Jiulize katika kituo cha kwanza: katika nyumba yetu yumo mtoto wa marehemu ndugu yetu, je, sahani yake ni sawa na ya watoto wetu, au hupewa ukoko? Anapovunja kikombe, huambiwa maneno wanayoambiwa wenziwe, au hutajiwa ufukara wa babake? Jiulize katika cha pili: yule bibi anayepita madukani Ijumaa, Darajani na Mkunazini, tulimjibu nini wiki iliyopita? Sura haikutushurutisha kumpa tusichokuwa nacho; imetukataza kumkaripia tu. Jiulize katika cha tatu: neema tulizopewa tunazisimulia kwa shukrani au kwa kujifakhirisha? Dakika moja na kidogo za kisomo zaweza kukupa kazi ya wiki nzima. Hiyo ndiyo maana ya kutafakari, maana machozi yasiyomfikia yule yatima hukauka shavuni.

Tumeyasema haya kwa sababu tunaona khatari iliyo karibu yetu. Qurani imekuwa nyingi masikioni na chache nyoyoni. Nyumba nyingine hufungua kisomo tangu asubuhi, na chini yake watu wakasengenyana, wakagombana, na mama akamtukana mtumishi. Wengine wamekifanya mlio wa simu, aya ikakatwa kati kwa sababu mtu kapiga kuuliza bei ya samaki. Tumeingia katika duka moja, kisomo kinatoka juu ya rafu, nacho kilikuwa Suratul Mutaffifin, sura ya 83, inayowaonya wenye kupunja vipimo. Na chini ya sauti ile mwenye duka kaweka kidole juu ya sahani ya mizani. Hatukusema naye mbele ya watu. Tulirejea wakati hana mteja tukamwomba mambo mawili, aondoe kidole au azime kisomo. Aliondoa kidole. Mwenyezi Mungu amzidishie.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Aaraf, aya ya 204, kuwa inaposomwa Qurani tuisikilize na tunyamaze ili turehemewe. Mtu aliye na kazi yake ya mikono, mshonaji au mama anayekuna nazi, akiisikiliza kwa heshima huku mikono inafanya kazi, hatumlaumu. Moyo wake upo. Lakini pasipokuwa na anayesikiliza, kuzima ndiyo adabu. Wala asiudhike mwenye kuambiwa hivyo, kuwa anazimiwa Qurani. Anazimiwa upuuzi wake mbele ya Qurani.

Kwa hivyo jawabu la swali la pili ni hili. Anayesikiliza kwa nia njema usingizi ukamshinda, hana dhambi kwa usingizi, na tunamtarajia kheri kwa nia yake. Lakini asiifanye Qurani kuwa bembea ya kulalia kila siku. Asikilize akiwa macho, azime, asome nyuradi zake za kulala, alale. Na anayeona ladha ya sauti bila ya kufahamu maana asikate tamaa wala asitosheke. Ladha ni mkono uliokugongea mlango. Usibaki kuusifu mkono, inuka ufungue.

Tuna neno moja kwa wazazi. Wako wanaotuambia, "Mwalimu, siku hizi mtoto hana haja ya chuo, kisomo cha al-Husary kimo ndani ya simu, na kipo hata kile alichowasomea wanafunzi, anasoma kisha ananyamaza wamfuatishe." Ni kweli kipo, na kina faida kubwa, sisi wenyewe huwaambia watoto wakisikilize nyumbani. Lakini santuri ina mdomo, masikio haina. Yasoma, haisikii. Ndimi zetu Waswahili zina tabia ya kuichanganya "hah" kubwa na "heh" ndogo, na kuitamka "swad" kama "sin". Na mtoto akikosea, santuri huendelea na aya inayofuata kana kwamba kapatia. Mwalimu humsimamisha. Humwonesha ulimi unagusa wapi, humwambia rudia, akarudia mara kumi. Na sheikh mwenyewe tunayemsifu hapa hakuipata Qurani kwa santuri. Aliipokea kinywani mwa walimu wake, nao kwa walimu wao, mpaka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mnyororo huu haukukatika miaka elfu na mia nne. Usije ukakatikia katika sebule zetu kwa sababu ya uvivu wa kumpeleka mtoto chuoni.

Na liko jambo jengine ambalo watu wa Unguja hawana haja ya kuelezwa, wamelionja. Umeme wetu hutujia kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 ulikatika kiasi cha mwezi mmoja; kisha ukakatika tena Disemba 2009, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wasiokuwa na jenereta redio zao zilinyamaza, na simu zikazimika kwa kukosa moto. Katika siku zile, nyumba ambazo Qurani yao ilikuwa ndani ya chombo zilibaki kimya. Na nyumba ambazo bibi alihifadhi Yasin, na mtoto akahifadhi Juzuu Amma, zilisomewa Qurani kila usiku kwa mwangaza wa kibatari, na penginepo bila ya kibatari. Giza lile lilikuwa mtihani mdogo. Liko giza jengine mbele yetu ambalo halina jenereta wala mkopo wa taa kwa jirani, na mtu ataingia nalo kwa kile alichokiweka kifuani tu.

Basi tumchukue msomaji huyu asiyechoka awe rafiki wa safari, asiwe badali ya miguu yetu. Yeye na atusomee, sisi tuhifadhi. Yeye na asimame mwisho wa aya, sisi tujibu kilichoulizwa. Kijana wetu na aanze wiki hii na Suratud Dhuha peke yake, usiku saba, sura moja, bila ya kuongeza. Akifika usiku wa saba aangalie, si machoni mwake, bali katika nyumba yao: yuko aliyekuwa akionewa akapumzika? Yuko aliyekuwa akikaripiwa akajibiwa kwa upole? Akiliona hilo, ajue kuwa kisomo kimefika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie Qurani kuwa mvua ya nyoyo zetu na nuru ya makaburi yetu, awarehemu walioisoma, walioifundisha na walioihifadhi kwa kalamu na kwa sauti, na awape watoto wetu masikio yanayosikia na mikono inayotenda. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullah.